Kosa Nambari 22

Muhula uliopita niliharibu kazi ya watu wengi kwa muda wa dakika moja. Habari hiyo imekwisha kuenea mabwenini kwa namna mbalimbali, na wengine wameitia chumvi, kwa hiyo yafaa niieleze mwenyewe jinsi ilivyokuwa. Siandiki ili nionewe huruma. Naandika kwa sababu tangu siku ile nimekuwa na neno moja moyoni: kompyuta inapokataa kufanya jambo, haina budi kumwambia mtu imekataa nini na kwa sababu gani, na wale waandikao programu wana wajibu huo sawasawa na mwalimu asahihishaye hesabu. Mwalimu akitia alama ya kosa kwa wino mwekundu bila neno lo lote, mwanafunzi hujua kwamba amekosa lakini hajui alipokosea. Akiandika pembeni, «hapa umesahau kubadili ishara», kosa lile halirudi upesi.

Mambo yalikuwa hivi. Chama chetu cha Jiografia hupima mvua kila asubuhi, na vipimo vya miaka miwili vilikuwa vimepigwa chapa na kuwekwa katika flashi moja. Kompyuta za shule hutumia Linux, nami ndiye niliyepewa kazi ya kuifungua flashi hiyo ili tuchore michoro ya maonyesho. Kuifungua huko hufanywa kwa amri iitwayo mount, ambayo huipachika flashi katika mfumo ili faili zake zionekane. Niliandika amri, na ndani yake nikataja aina ya herufi zitakazotumika, ambazo kila kitabu nilichosoma huziita UTF-8. Jibu lilitoka kwa Kiingereza, na kwa lugha yetu lingekuwa hivi: «Aina ya mfumo wa faili si sahihi, au chaguo ni baya, au supabloku ya flashi ni mbovu, au pamekosekana jedwali la herufi au programu ya kusaidia, au kuna kosa jingine.»

Msomaji ambaye hajapata kuitumia Linux na ayasome tena maneno hayo. Yametaja sababu sita, na ya sita ni «kosa jingine». Ni kama mtu aendaye zahanati akaambiwa kwamba ana malaria, au amevunjika mguu, au jino limeoza, au ana ugonjwa mwingine. Kisha mlango ukafungwa.

Katika sababu zile sita mimi niliona moja tu, nayo ni supabloku. Hapo ndipo mwanzoni mwa diski zinapoandikwa habari za diski nzima, na pakiharibika ni msiba. Mwenzangu aliyeketi karibu nami alisema kwamba flashi imekufa, na dawa yake ni kuifomati, yaani kuifuta yote na kuipanga upya. Tukaifomati. Kisha tukaipachika bila kutaja herufi, ikakubali mara moja, nasi tukafurahi sana na kunakili humo faili nyingine nyingi juu ya zile za zamani.

Mwalimu wetu wa kompyuta alipokuja hakusema neno. Alifungua daftari la kiini cha mfumo, ambalo husomwa kwa amri ya dmesg, na humo tukaona mstari mmoja mfupi ulioandikwa kabla hatujafomati. Ulisema kwamba herufi za aina ya «utf-8» hazikupatikana. Basi kumbe kiini cha Linux huzijua herufi hizo kwa jina lisilo na kistari, utf8. Flashi ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kilichozuia ni kistari kimoja, nacho nilikiweka kwa kuwa ndivyo vitabu vinavyoandika.

Tulivipiga chapa vipimo upya kutoka katika daftari la mvua kwa muda wa wiki mbili, usiku baada ya masomo ya jioni. Vya miezi minne havikupatikana, kwa maana kurasa zake zilikuwa zimeliwa na mchwa.

Kosa lilikuwa langu, sikatai. Nilifuta kabla ya kuuliza. Walakini nimelifikiri sana jambo hili, na kila nikilifikiri hurudi pale pale: kiini kilijua. Kilijua neno nililolikosea, herufi kwa herufi, kikaliandika katika daftari lake ambalo sikujua kama lipo. Mimi niliyeuliza sikupewa neno hilo.

Sababu yake ni ya zamani. Programu ikitaka jambo kwa kiini cha mfumo, kama kufungua faili au kupachika flashi, huomba. Na kiini kikikataa hurudisha nambari moja tu. Nambari 2 maana yake kitu hicho hakipo, 13 maana yake huna ruhusa, na 22 maana yake ulichotaja si sahihi. Linux ina nambari kama hizo zaidi ya 130. Kiini kinapokataa kupachika flashi kwa sababu ya chaguo lililokosewa au jedwali la herufi lisilopatikana, mara nyingi nambari irudiyo ni ile ile 22. Programu ya mount ikipokea 22 haijui ni ipi kati ya hizo, basi hutaja zote, na mwishoni huongeza «kosa jingine» kwa usalama. Kwa hiyo siwalaumu sana walioiandika mount. Wao walipewa nambari na kuambiwa wakaifasiri.

Desturi hiyo ilitoka katika Unix, mfumo ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1969. Mashine za siku zile zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, na walizozitumia walikuwa mabingwa wachache waliokaa jengo moja. Mtu asiyeelewa aliweza kumwuliza mwandishi mwenyewe. Programu yao ya kuandikia, iitwayo ed, hujibu kila kosa kwa alama ya kuuliza, «?», basi. Ingali ikifanya hivyo hata leo, isipokuwa mtu ajue kuitaka ieleze zaidi. Kosa nambari 25 kwa miaka mingi lilisomeka «Si mashine ya kupiga chapa», kwa sababu hapo zamani watu waliitumia kompyuta kwa mashine za namna hiyo, na watu wasiokuwa na mashine ya kupiga chapa wala hawajapata kuiona waliendelea kuambiwa hivyo. Katika Linux yenyewe, printa ikitoa ishara ya kosa ambalo si kuishiwa karatasi wala kukatika mawasiliano, kiini huweza kuandika kwamba printa «inawaka moto». Hilo nalipenda, lakini lingetokea hapa shuleni nadhani mtu angeleta ndoo ya mchanga.

Linus Torvalds alipoanza kuiandika Linux huko Helsinki mwaka 1991, naye akiwa mwanafunzi, alifuata mwendo wa Unix, na nambari zikaja pamoja nao. Hapana ubaya katika hilo. Ubaya ni kwamba siku hizi Linux imo katika simu za Android, katika kompyuta za mabenki na hospitali, na katika chumba chetu kidogo kando ya maktaba, na watumiaji wake hawakai tena jengo moja na waandishi.

Sasa nataka wasomaji wajue kwamba wenye kazi hiyo wameliona jambo hili, na wameanza kulitengeneza. Mwaka 2017, katika toleo la 4.12, sehemu ya Linux ishughulikayo na mitandao ilipata njia ya kurudisha maneno pamoja na nambari: mtu akikosea kutengeneza mtandao wake, kiini chaweza kumrudishia sentensi inayotaja jambo lililokataliwa. Mwaka 2019, katika toleo la 5.2, ikaja njia mpya ya kupachika diski, na humo pamewekwa mlango ambao programu inaweza kuusoma ili ipate maelezo ya kiini kwa maneno. Mwaka 2023 kifurushi cha programu chenye mount ndani yake, katika toleo lake la 2.39, kilianza kuitumia njia hiyo. Matoleo mapya ya mount pia humwambia mtu, akishindwa, kwamba pengine atapata habari zaidi katika dmesg. Kama ningeliona mstari huo mmoja, leo tungelikuwa na mvua ya miezi minne.

Lakini kuchimba mfereji si kuleta maji. Njia mpya ipo, ila kila sehemu ya kiini, na ziko nyingi, lazima ifundishwe kusema ndani yake, mahali pamoja baada ya pengine, na kila mahali ni lazima mtu aketi afikiri: hapa ninapokataa, mtu aliye upande wa pili atahitaji kujua nini? Hiyo si kazi ya sifa. Mtu akiongeza jambo jipya katika Linux, wenzake humtaja; akitengeneza sentensi moja ya kosa, ni nani atakayejua? Nadhani ndiyo sababu kazi hii huenda polepole kuliko nyingine.

Rafiki yangu mmoja, ambaye tulibishana naye juu ya jambo hili hata tukakosa chai, anasema maneno mengi huwafanya watu wavivu, na kwamba aliyetaka kujua angesoma dmesg. Nilimjibu kwamba katika baidhi ya mifumo daftari hilo halisomwi ila na msimamizi, hivyo mtumiaji wa kawaida hufungiwa nje ya sababu ya kosa lake mwenyewe. Akasema pia kwamba programu nyingine hutegemea nambari, kwa hiyo nambari zisiondolewe. Hapo anasema kweli, wala sijasikia mtu anayetaka kuziondoa. Maneno na yaongezwe juu ya nambari. Neno lake la tatu lilikuwa zito zaidi. Alisema kuna makosa ambayo hayafai kuelezwa kwa ukamilifu. Mtu akikosea kuingia katika kompyuta, ni vizuri aambiwe tu kwamba jina au neno la siri si sahihi, asiambiwe ni lipi, maana mwizi akijua kwamba jina ni sahihi amekwisha kupata nusu ya ufunguo. Nakubali. Lakini kistari changu hakikuwa siri ya mtu ye yote.

Habari za makosa zina ndugu yake, nayo ni maonyo. Kosa husimamisha kazi, onyo husema, «nitaendelea, lakini hapa pana jambo la kushuku.» Nami naona kwamba onyo baya lina hatari kuliko kosa baya, kwa sababu watu hulizoea. Mlinzi wa usiku akipiga filimbi kwa kila paka apitaye, usiku mwizi atakapokuja hapana atakayeinuka kitandani.

Mfano mkubwa ninaoujua ni wa Debian, mfumo mmoja katika jamaa ya Linux. Programu iitwayo OpenSSL hutengeneza funguo za siri ambazo kompyuta hutumia kufichia mazungumzo yao, na ili funguo hizo zisikisiwe, huchanganya humo nambari za kubahatisha kutoka sehemu nyingi. Programu nyingine, Valgrind, ambayo kazi yake ni kuzichunguza programu na kuonya, ilionya kwamba OpenSSL inatumia kumbukumbu ambayo haijaandikwa kitu. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian alitaka onyo hilo liondoke. Hakuwa mzembe, kwa maana aliwauliza watu wa OpenSSL, na hakuzuiwa. Mistari iliyohusika ilikuwa miwili, imefanana kabisa, mahali pawili. Mmoja ungeweza kuondolewa bila madhara. Wa pili ndio ulioingiza nambari za kubahatisha katika mchanganyiko. Aliiondoa yote miwili.

Onyo likanyamaza. Kwa muda wa karibu miaka miwili, mpaka Mei 2008, kompyuta za Debian, na mifumo iliyotoka kwake kama Ubuntu, zilitengeneza funguo ambazo kitu pekee kilichozitofautisha kilikuwa nambari ya programu iliyokuwa ikiendeshwa. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo palikuwa na funguo kama 32,768 tu, na kompyuta huweza kuzijaribu zote kwa muda mfupi. Watu po pote walipokuwa walilazimika kuzitupa funguo zao na kutengeneza nyingine.

Katika habari hii wengi humlaumu yule mtunzaji. Mimi najiona ndani yake, kwa maana mimi nami niliona neno la kutisha nikafanya jambo la kuliondoa. Valgrind ilisema kweli juu ya kumbukumbu ile, lakini haikuweza kusema kwamba mahali pamoja ni pa salama na pengine ni moyo wa kazi nzima. Aliyeweza kusema hayo ni mwandishi wa OpenSSL, kwa mstari mmoja wa maelezo pale pale: «usiondoe hapa, ndipo bahati nasibu inapoingia.» Mstari huo haukuwapo.

Onyo zuri nalo lipo, nami nitalitaja moja. Februari 2014 ilijulikana kwamba katika programu ya kampuni ya Apple, ambayo maandishi yake yalikuwa wazi kwa kila mtu kuyasoma, mstari mmoja ulikuwa umeandikwa mara mbili. Mstari wa pili ulikuwa umesogezwa ndani kama kwamba uko chini ya sharti lililo juu yake, na kumbe hauko. Kwa hiyo programu iliruka ukaguzi wa sahihi, na mtu mwovu aliweza kujifanya ni tovuti nyingine. Macho ya wanadamu yalidanganywa na nafasi pembeni mwa ukurasa. Mwaka 2016 GCC, ambayo ni kompaila, yaani programu igeuzayo maandishi ya mwandishi yawe lugha ya mashine, ilipata katika toleo la 6 onyo kwa ajili ya jambo hilo. Onyo hilo huonyesha sharti, kisha huonyesha mstari, na husema kwa sentensi kamili kwamba sharti lile haliulindi mstari huu, ila mstari umesogezwa kana kwamba unalindwa. Nimelijaribu mwenyewe katika kompyuta ya tatu kutoka dirishani. Mtoto wa Kidato cha Kwanza akilisoma huona kosa mara moja.

Wengine husema dawa ya maonyo yaliyozoeleka ni kuyafanya yote yawe makosa, ili programu isitengenezeke mpaka yaishe. Torvalds mwenyewe alijaribu hivyo kwa Linux mwaka 2021, akaamuru kwamba onyo lo lote la kompaila lisimamishe kazi. Baada ya siku chache ilimbidi kulegeza, kwa sababu kompaila ni nyingi na mashine ni nyingi, na onyo lisilotokea kwake lilitokea kwa mwingine. Hata hivyo namsifu kwa kujaribu.

Pengine mzazi asomaye gazeti hili atauliza, mambo ya Helsinki na Marekani yatuhusu nini? Yatuhusu hivi: maandishi ya Linux, ya GCC na ya mount yako wazi. Mtu ye yote aweza kuyasoma, akayasahihisha, na kuyapeleka masahihisho yake kwa watunzaji, nao wakiyaona mema huyapokea bila kuuliza mtu huyo anasoma shule gani. Mimi siwezi kuandika kiini cha mfumo. Lakini sentensi moja inayosema «neno hili silijui» naweza kuiandika, na nadhani wengi katika Kidato cha Tatu wanaweza. Tena sisi tuna faida moja ambayo mabingwa hawana: sisi ndio tunaopotezwa na ujumbe mbaya. Bingwa akiona sababu sita huijua iliyo ya kweli kwa harufu tu, na ndiyo maana haoni haja ya kuubadili.

Juu ya lugha, wenzangu kadhaa wamesema tuanze kwa kuutafsiri ujumbe wote kwa Kiswahili. Njia iko, kwa maana chombo kiitwacho gettext kimekuwapo tangu miaka ya 1990, na kwa chombo hicho programu moja huweza kusema lugha nyingi. Ningefurahi sana kuona siku hiyo. Lakini tukitafsiri ujumbe wa mount kama ulivyo, tutakuwa na sababu sita kwa Kiswahili, na flashi itafomatiwa vile vile. Na utengenezwe kwanza, kisha utafsiriwe.

Kwa idhini ya mwalimu wetu tumeanza daftari katika chumba cha kompyuta. Lina safu tatu: ujumbe ulisema nini, kumbe shida ilikuwa nini, na ujumbe ungalisema nini. La kwanza humo ni langu, kistari cha UTF-8. La pili ni la mwanafunzi wa Kidato cha Pili ambaye aliambiwa faili haipo, na kumbe iliyokosekana ni programu ambayo jina lake limetajwa katika mstari wa kwanza wa faili hiyo. Faili yenyewe ilikuwa mbele ya macho yake. Muhula ujao tutachagua moja katika hayo, tutafute mahali pake katika maandishi ya programu, na tupeleke sahihisho. Daftari liko juu ya meza karibu na mlango, na kalamu imefungwa kwa uzi, kwa hiyo tafadhali isichukuliwe.